Kisanduku Namba Saba

Mmeniomba niandike niliyojifunza katika kazi hii, ili anayekuja asianze na ujinga nilioanza nao mimi. Ombi ni zuri, ila mmelileta kwa mtu ambaye ujinga ndilo somo alilolifahamu kuliko yote. Vyeo nitavipita, maana navyo vilinipita. Mshahara nao tuuache ulale. Nitaeleza zaidi mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa mtu wa kujitolea, kwa sababu miaka mingine yote ilikuwa ya kurekebisha mwaka huo.

Nilifika Korogwe na barua ya chuo kuomba mafunzo kwa vitendo, haya ambayo ninyi mnayaita fildi. Shirika letu lilikuwa na vyumba viwili nyuma ya stendi, baiskeli mbili, rundo la maturubai, na mama mmoja aliyeendesha vyote hivyo. Kazi ilikuwa hii hii ya leo: familia iliyopoteza nyumba kwa mafuriko, kwa moto au kwa kufiwa, itafutiwe mahali pa kuishi. Nyumba za kuwapa hatukuwa nazo. Hata ofisi tulipanga, na mwenye nyumba alikuwa akitukumbusha hilo kila tulipopigilia msumari ukutani.

Mama huyo tulimwita Mama Zaina. Alizaliwa katika kambi ya mkonge, binti wa karani wa mizani, na macho yake yalipima watu kama baba yake alivyopima marobota. Aliisoma barua yangu ya chuo yote mpaka muhuri, akaikunja, akaniuliza, "Unaweza kuendesha baiskeli yenye mzigo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kuna kitu ulichofundishwa."

Siku ya tatu akanituma upande wa Mazinde, kwenye kambi moja ya zamani ya wakata mkonge. Mvua za masika zilikuwa zimeangusha paa la safu nzima ya nyumba, na tulitaka kujua ni familia zipi hazina pa kwenda. Nilijitengenezea dodoso langu. Nilipiga mistari kwa rula. Swali la kwanza lilikuwa, "Je, familia yako ina mahali pa kulala?" Nilizunguka siku nne, nikarudi na habari njema: kila mmoja alikuwa na mahali pa kulala. Nilimwambia Mama Zaina kwamba nadhani tatizo limekwisha, na nikangoja anisifu.

"Nani atakwambia mbele ya watoto wake kwamba hana pa kulala?" akasema. "Watakwambia wamefikia kwa ndugu. Rudi ukaulize wanapika wapi."

Nikarudi na baiskeli yangu na aibu yangu. Nikakuta familia saba zinazosubiri jirani aivishe kwanza, aipue sufuria, ndipo ziombe moto uliobaki. Swali hilo bado limo kwenye fomu zenu na watu husema ni langu. Si langu. Mchango wangu ulikuwa kuliandika kwa mwandiko mzuri.

Katika familia hizo saba alikuwamo Mama Shija, mjane mwenye watoto watatu. Babu yake alitoka Unyamwezi akaja kukata mkonge, na hakurudi. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Shija, binti yake mkubwa, alikuwa darasa la saba, na yule mdogo alikuwa na kifua kilichokuwa kikibana kila hewa ilipopoa. Wote wanne walikuwa wakilala katika jiko la jirani lisilo na mlango. Mama Shija mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ambayo ungeisikia ukiwa Mombo.

Hapo ndipo Mama Zaina aliponionyesha chombo chake cha kazi. Lilikuwa daftari la kawaida la shule. Upande wa kushoto aliandika familia na kabila la babu zao. Upande wa kulia aliandika vijiji walimo watani wao. Mambo mengine yote, kama idadi ya vitanda na ukubwa wa chumba, aliyaweka kichwani. Mimi nilikuwa nimetoka chuo na nadharia tatu za makazi ya dharura, na nikaliona daftari lile kuwa mambo ya kizamani. Nami ni Mzigua wa Kang'ata kwa baba na kwa mama, niliyelelewa na watani wakiniibia kofia. Sina kisingizio.

Tulikwenda Sindeni na Mama Shija, kwa Mzee Sempombe, mkulima wa mahindi, Mzigua mwenzangu na kwa hiyo mtani wa Wanyamwezi. Njiani nilikuwa nikirudia moyoni hotuba ya kumwomba mwenyeji. Mama Zaina akaniambia nishike baiskeli na nifunge mdomo.

Mama Shija hakupiga hodi. Aliingia uani, akavuta kigoda cha mwenye nyumba, akakaa, akakitazama chumba cha pembeni.

"Nimekuja kuangalia nyumba yangu," akasema. "Nani kawaruhusu kutia mbuzi?"

Mzee Sempombe alikuwa anatia jembe mpini, na hakuinua kichwa. "Mbuzi nikimchoka namla. Wewe nikikuchoka nitakufanya nini?"

"Utanizoea."

"Wanyamwezi hamzoeleki. Mlipita hapa na mizigo ya watu, mkatuachia chawa."

"Na ninyi mkawafuga. Nawaona bado mnao."

Ndani ya nyumba kikasikika kicheko chembamba. Alikuwa Bibi Fatuma, mama mzazi wa Mzee Sempombe, ambaye wakati huo hakuweza tena kutoka nje bila kushikwa mkono. "Toeni hao mbuzi," akasema. "Huyu ana kelele kuliko wao, lakini zake angalau nazielewa."

Mbuzi wakatolewa na chumba kikafagiliwa. Hakuna aliyesema tafadhali wala asante. Nilirudi Korogwe na hotuba yangu nzima, haikupungua neno.

"Ukimwomba mtu chumba, atakupa mpaka achoke," Mama Zaina aliniambia tulipokuwa tunakokota baiskeli mlimani. "Mtani haombi. Kwa hiyo siku hiyo ya kuchoka haina pa kuingilia."

Nilisema ndiyo mama, kama mnavyoniambia ninyi ndiyo mzee.

Baada ya wiki chache zikaja fomu mpya kutoka makao makuu. Zilikuwa na visanduku kumi na viwili na nembo yenye rangi. Mama Zaina alizitazama, akasema nijaze jina na kijiji, basi. Lakini mimi nilikuwa na kibao kipya cha kubania karatasi, na mtu mwenye kibao kipya haambiliki. Nikaona kisanduku namba saba kiko wazi kwenye kila fomu. Kiliandikwa, "Muda wa kukaa kwa mwenyeji." Nikajiambia makao makuu wakiona kisanduku wazi watadhani hatufanyi kazi. Mama Zaina alipokwenda Handeni kwa shughuli zake, nikapanda baiskeli mpaka Sindeni peke yangu.

Mzee Sempombe alinipokea vizuri. Aliisoma fomu taratibu akisogeza kidole, akafika namba saba, kidole kikasimama.

"Kwani kuna mwisho?"

"Lazima pajazwe, mzee," nikamwambia kwa sauti yangu ya kiofisi. "Ni kawaida tu. Tuandike miezi mitatu."

Mzee alikishusha kidole mpaka mstari wa saini. Kisha akasaini kwa herufi kubwa zilizonyooka, na Mama Shija akatia dole gumba chini yake bila kusema neno, jambo ambalo lingenistua laiti ningekuwa na akili. Mimi nilikuwa natazama wino usije ukachafua nembo. Nikawaachia nakala moja, nikarudi nikipiga mluzi.

Miezi mitatu ilipotimia, siku yenyewe, Mzee Sempombe alifika ofisini kwetu. Vyombo vya Mama Shija vilikuwa vimefungwa vizuri nyuma ya baiskeli, pamoja na debe la mahindi aliyompa. Mama Shija na watoto walikuja nyuma kwa miguu. Mzee aliweka ile nakala mezani kwangu.

"Muda umefika. Nimekurudishia watu wako."

Nikamwambia hapana, mzee, haikuwa na maana hiyo, tunaweza kuongeza.

"Mtani wangu angekaa mpaka tugombane, na tukigombana angekaa bado," akasema. "Huyu ulimfanya mgeni wa karatasi. Karatasi imekwisha." Kisha akamgeukia Mama Shija, akainamisha kichwa kidogo. "Kwa heri, mama. Mungu akujalie."

Mama Shija hakuwa amelia siku moja mbele yetu, si kambini, si kwenye lile jiko lisilo na mlango. Siku hiyo alilia. Ninyi vijana mtadhani alilia kwa kupoteza chumba. Alilia kwa sababu mtani wake amemwita mama na kumwombea Mungu. Mtani akikusemesha kwa adabu, amekufungia mlango.

Mama Zaina hakunigombeza. Aliitazama ile fomu, akanitazama mimi, akaenda kutafuta turubai. Ningefurahi kama angenipiga. Tuliwajengea kibanda nyuma ya ofisi, na mvua za vuli zikaanza. Asubuhi nilipokuwa nafungua ofisi nilimkuta Shija anasoma mlangoni kwetu kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu, na mtihani wake ulikuwa karibu. Kikohozi cha yule mdogo nilikisikia nikiwa mezani. Nilikisikia kila siku, na nilijua mwandiko wa nani umekileta.

Mngedhani nilijifunza. Nilikwenda Sindeni na fomu ya kuomba kuongezewa muda. Niliitunga mwenyewe. Mzee Sempombe alinipa kiti, akanipa uji, akaniuliza habari za watu wa nyumbani Kang'ata mmoja mmoja, wala hakuitazama karatasi. Nikarudi na uji tumboni na fomu mkononi.

Kisha asubuhi moja kondakta wa basi la Handeni akatuletea habari: Bibi Fatuma wa Sindeni amefariki, mazishi ni alasiri ile. Nikasema nadhani si vizuri Mama Shija aende, kutokana na yaliyotokea. Mama Shija alikuwa tayari anafunga khanga.

"Mtani hakaribishwi msibani," akasema. "Anakwenda." Kisha akaninyooshea mkono. "Nipe miwani yako. Na hicho kibao chako. Na ile suruali ya kaki uliyoanika."

Nikampa. Naapa nilidhani anataka kusaidia kuorodhesha rambirambi. Suruali sikuielewa, lakini niliona si wakati wa kuuliza.

Kwa hiyo niliyoyaona pale msibani niliyaona kwa ukungu, kwa kuwa bila miwani mimi ni mtu wa kushikwa mkono. Niliona wanaume uani, na jeneza la msikiti limewekwa tayari karibu na mlango. Maiti ilikuwa imekwishaoshwa na kukafiniwa. Mzee Sempombe alikuwa amesimama wima kama nguzo. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba tangu alfajiri hajatoa chozi wala neno. Wanaume wakasogea wamtoe marehemu. Na mlangoni, juu ya kizingiti, palikuwa na mtu amekaa ameziba njia.

Kabla sijamtambua, nikaisikia sauti yangu.

Ilikuwa yangu kabisa, ile ya puani, ile niliyodhani ni ya kisomi. "Shikamooni wazee. Natokea ofisini. Nina maswali machache tu, hayatachukua muda." Niliposogea nikaiona suruali yangu juu ya khanga, miwani yangu puani, kibao magotini. "Jina kamili la mhitaji? Fatuma. Zuri. Anatoka Sindeni. Anakokwenda ana mwenyeji? Anaye, tena mkubwa, tumpigie alama ya vema. Anapikia wapi? Huko hapapikwi, tutavuta mstari." Kalamu ikafuatisha mstari, na ikalambwa ncha kabisa kama ninavyofanya mimi. Kicheko kikaanzia kwa wanawake ndani, kikatoka nje. Watu wakawa wananigeukia mimi, kisha yeye, kulinganisha.

"Namba saba," Mama Shija akasema. "Muda wa kukaa."

Akaishusha miwani, akamtazama Mzee Sempombe.

"Mwenyeji, mama huyu kakaa kwako miaka yote hii. Ulimwandikia muda gani?"

Hakuna aliyecheka.

"Lazima pajazwe, mzee," akasema polepole. "Ni kawaida tu."

Mzee Sempombe akaanza kucheka. Alicheka mabega yakatetemeka, kisha kicheko kikapasuka kikawa kilio, akakaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akamlilia mama yake kama mtoto. Mama Shija alikuwa analia naye, na miwani yangu inalowa. Nami nilikuwa nalia, nimesimama pale kama mshtakiwa. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sijawahi kuishukuru aibu nyingine.

"Mama, marehemu anangojwa," shehe akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Siondoki bila haki yangu."

Kwa kawaida mtani hupewa kuku au sarafu, akapisha. Mzee Sempombe akainuka, akajikung'uta.

"Inuka, mzigo wewe," akasema. "Chumba chako kiko pale pale. Mbuzi nimewajengea banda jingine. Ulidhani ningewarudisha humo, waje wanuke kama wewe?"

Mama Shija akainuka. Alipokuwa anapisha alimjibu kitu kuhusu chawa, na Bibi Fatuma akatolewa.

Walirudi Sindeni juma lile. Shija alifanya mtihani wake akitokea kwenye chumba chenye mlango, akafaulu, leo ni mwalimu. Kifua cha yule mdogo kiliacha kubana. Mama Shija alikaa pale kwa miaka mingi, akalima, akajenga nyumba yake ya bati viwanja viwili kutoka kwa Mzee Sempombe, ili, kwa maneno yake, amsumbue bila kutembea mbali. Mimi nilipata jina la Bwana Fomu. Limenifuata Handeni yote na Korogwe yote. Kuna madiwani walionifahamu kwa jina hilo tu, na barua moja rasmi ilinifikia hivyo hivyo.

Alipokuja mkaguzi kutoka makao makuu aliuliza kwa nini visanduku namba saba vyote viko wazi. Mama Zaina akanionyesha kwa kidevu nijibu. Nikamwambia hapo huwa tunaandika "mpaka wagombane," lakini haienei. Hakucheka. Mwaka uliofuata walikiongeza ukubwa.

Mama Zaina alipostaafu aliniachia lile daftari. Limo kwenye droo ya chini, kushoto, chini ya ripoti zangu ambazo hakuna aliyezisoma. Sasa mna kompyuta, na ni vizuri, mimi mwenyewe nimejifunza kuizima. Lakini mwendelee kujaza pande zote mbili za daftari. Kijana wa leo wa kambini atawaambia yeye ni mtu wa Mazinde tu, hana kabila. Muulizeni bibi yake. Na mnapoona mwenyeji anamtukana mgeni, msikimbilie kuandika ripoti. Sikilizeni kwanza kama mgeni anajibu.

Sasa lililobaki ni la kwangu, na nitalisema upesi. Nilipostaafu ilinibidi niiachie nyumba ya shirika. Mlinipa saa ya ukutani, nikashukuru, nikaenda kutafuta ukuta. Nyumba yangu Korogwe ipo kwenye lenta tangu Shija hajaolewa. Miaka yote nimetafutia watu paa, langu nikawa nasema mwakani. Mke wangu alikwenda kwa binti yetu Muheza, akaniambia atarudi siku atakayoambiwa nyumba ina bati. Nikabaki na saa na masanduku mawili. Mtu akiniuliza, nilijibu nimefikia kwa ndugu.

Sijui nani alipeleka habari Sindeni. Siku moja simu ikalia, na sauti ile bado unaweza kuisikia ukiwa Mombo.

"Bwana Fomu. Unapika wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa heshima ya ofisi, nikasema nimefikia kwa ndugu.

"Nilijua," akasema. "Njoo. Kuna chumba cha mbuzi."

Alinipokea uani na ile nakala ya zamani mkononi, ambayo kumbe aliichukua mezani kwangu siku ile aliyorudishwa, imechakaa kwenye mikunjo, nembo imefifia. Aliigeuza upande mweupe, akanipa kalamu, akaniamuru niandike jina, kijiji, ninapopikia. Wajukuu zake walikuwa wamepanga mstari kunitazama. Niliandika. Nilipotaka kuandika na namba saba akaninyang'anya kalamu, akaniambia niingize masanduku, chakula kinapoa.

Nimeandika haya nikiwa humo. Ukuta mmoja unanitenga na mbuzi, na saa yenu nimeitundika upande wa pili. Asubuhi ya leo aliniita mzigo mbele ya wageni, akaeleza jinsi nilivyotia chumvi mara mbili kwenye maharage, akawaigizia na ninavyotembea. Nilikula vizuri. Siku atakayoniambia "karibu, baba" kwa upole, nitafunga masanduku.